Mkoba wa marehemu mama umeota ukungu: je, niupake rangi mpya?

"Shikamoo fundi. Mama yangu alifariki mwaka jana, na katika vitu vyake nimeachiwa mkoba wa ngozi wa rangi ya kahawia alioununua mwanzoni mwa miaka ya 1970 alipokuwa karani bandarini. Umekaa miaka mingi juu ya kabati kule Temeke, ndani ya mfuko wa nailoni. Nilipoutoa nilikuta ukungu mweupe kila mahali na harufu nzito. Mshikio umekakamaa na una nyufa, bitana ya ndani inanata na kubanduka vipande vipande, na kuzunguka vyuma vyake kuna uchafu wa kijani. Kuna pia doa la wino wa kalamu chini ya mfuniko. Jirani alinishauri nipake mafuta ya nazi, nikapaka upande wa nyuma. Pakawa peusi na sasa panashika vumbi. Fundi mmoja wa Kariakoo anasema ataupaka rangi nyeusi inayong'aa na utakuwa kama mpya. Ningependa kwenda nao kazini, niutie bitana ya kitenge, na mbele niandike herufi za kwanza za jina la mama na langu. Nianzie wapi, na je, rangi haitauharibu?"

Marahaba, mwanangu, na pole sana kwa kuondokewa na mama. Nimesoma maelezo yako kwa makini, na ninaona hofu yako kubwa ni kwamba mkoba unaharibika mikononi mwako huku ukiwa huna hakika ni ushauri upi utauokoa na upi utaumaliza. Kwa jinsi ulivyoueleza, mkoba huo una nafasi nzuri ya kurudi kazini. Hata hivyo, rangi nyeusi usiikubali kwa sasa, na mafuta ya nazi usiongeze hata tone. Rangi, herufi na bitana ni mambo ya mwisho. Kabla yake kuna ukungu wa kuondolewa, uchafu wa kusafishwa na mshikio wa kuimarishwa, na anayeruka hatua hizo hujikuta gundi haishiki, rangi inabanduka na ukungu unarudi chini ya bitana mpya.

Anza kwa kuijua ngozi uliyonayo. Ngozi ya mnyama imejengwa na nyuzinyuzi za protini iitwayo kolajeni, ambazo zikiachwa mbichi huoza. Kazi ya kiwanda cha kusindika ngozi ni kuzifunga nyuzinyuzi hizo kwa kemikali ili bakteria wasizile. Njia ya zamani hutumia tanini za mimea. Hapa kwetu magome ya miti iitwayo miwati ya Njombe yamekuwa yakitoa dawa hiyo tangu enzi za Tanganyika, na kampuni ya TANWAT ilianzishwa huko mwaka 1949 kwa ajili ya kazi hiyo hiyo. Njia ya pili hutumia chumvi za kromi. Ilienea viwandani tangu mwishoni mwa karne ya 19, na sehemu kubwa ya ngozi za viatu na mikoba tunazoziona leo zimetengenezwa kwa njia hiyo. Ngozi ya tanini hufyonza maji haraka, hubadilika rangi kadiri inavyotumika na hukubali vizuri kuchapwa herufi. Ya kromi ni laini, hustahimili maji na joto zaidi, lakini alama iliyochapwa juu yake hufifia upesi. Inua mfuniko, tafuta ukingo uliokatwa ambao haukupakwa rangi, na uutazame kwenye mwanga mzuri. Ukiona kahawia tupu kutoka juu hadi chini, yaelekea ni tanini. Ukiona katikati kuna mstari wa kijivu au wa samawati, ni kromi.

Maelezo yako tayari yamenipa dalili moja: palipopakwa mafuta pamekuwa peusi. Ngozi iliyofunikwa na tabaka zito la rangi ya kiwandani isingeyanywa mafuta upesi hivyo. Kwa hiyo uso wa mkoba wako, angalau upande wa nyuma, ni wazi au una utando mwembamba tu. Kuhakikisha, weka tone dogo la maji mahali pasipoonekana. Likizama na kuacha doa la giza ndani ya sekunde chache, nadharia yangu ni sahihi, na maana yake ni kwamba kila kitu utakachoupaka mkoba huo kitaingia ndani na hakitatoka tena.

Tuje kwenye ukungu, na kwanza uhakikishe kwamba ni ukungu kweli. Ngozi kuukuu hutoa pia utando mweupe wa mafuta yanayopanda juu kutoka ndani, na watu wengi huvichanganya vitu hivi viwili. Washa mashine ya kukaushia nywele kwa joto la chini kabisa, ishike mbali, kisha pitisha hewa yake juu ya sehemu ndogo iliyo kavu. Utando wa mafuta huyeyuka na kutoweka. Ukungu hubaki ulivyo. Kwa harufu uliyoitaja naamini wako ni ukungu, ingawa upande uliopaka mafuta waweza kuwa na vyote viwili.

Ukungu hupata nguvu pale unyevu wa hewa unapokaa kwa muda juu ya asilimia 65 hadi 70, na jiji letu la pwani huvuka kiwango hicho bila taabu, hasa wakati wa masika kati ya Machi na Mei. Mfuko wa nailoni ambao mama aliutumia kwa nia njema uliufungia unyevu ndani na kuzuia hewa kupita. Usimlaumu. Mikoba mingi ya umri huo iliyosalia mjini hapa imesalia kwa sababu wenyewe waliifunika na kuilinda, hasa katika miaka ya uhaba mwanzoni mwa miaka ya 1980, wakati kitu kama hicho kikiharibika hukujua lini ungepata kingine.

Kazi ya kuuondoa ifanyie nje, kivulini, mahali penye upepo, ukiwa umevaa barakoa na glovu. Kama una pumu au mzio wa vumbi, tafadhali mwachie mtu mwingine, kwa sababu vumbi la ukungu linaweza kukuletea shida ya kupumua. Tumia brashi laini na kavu, ukiusukumia ukungu kwenye karatasi utakayoitupa, bila kuusugua uingie kwenye vinyweleo vya ngozi. Baada ya hapo chukua kitambaa cheupe cha pamba, kiloweshe kidogo kwa spiriti ya hospitali ya asilimia 70, kiwe na unyevunyevu bila kuchuruzika, na ujaribu kwanza chini ya mfuniko, mbali na lile doa la wino. Spiriti huyeyusha baadhi ya rangi na vanishi za zamani, kwa hiyo kitambaa kikitoka na rangi ya kahawia, acha mara moja na ubaki na brashi kavu peke yake. Kisipotoka na rangi, pangusa uso wote kwa wepesi, isipokuwa penye doa la wino, kisha uuache mkoba wazi mahali penye hewa kwa siku kadhaa.

Usiuanike juani. Najua mazoea yetu: godoro, mto, kiatu, kila chenye harufu hutolewa nje kukutana na jua. Kwa ngozi ya nusu karne hilo ni hatari, hasa ikiwa imelowa, kwa sababu nyuzinyuzi zilizochoka husinyaa kwa joto ambalo ngozi mpya ingelistahimili, na zikishasinyaa hukakamaa moja kwa moja. Kwa sababu hiyo hiyo usiuache ndani ya gari lililoegeshwa nje mchana. Harufu itapungua kwa subira: uweke mkoba ndani ya boksi kubwa pamoja na bakuli la vipande vya mkaa mkavu visivyogusa ngozi, funika kwa kitambaa, na ubadilishe mkaa kila wiki. Naftalini itakuongezea harufu ya pili bila kuiondoa ile ya kwanza, na manukato ya kupulizia yana spiriti inayoacha madoa.

Sasa mafuta, jambo ambalo naulizwa kuliko mengine yote, na ambalo limeharibu mikoba mingi mizuri. Ngozi inapokakamaa watu husema ina kiu, kwa hiyo inyweshwe. Kilichotokea ndani yake ni tofauti. Kiwandani, baada ya ngozi kusindikwa na ingali imelowa, huingizwa mafuta maalumu yaliyochanganywa na maji ili yafike katikati na kuzitenganisha nyuzinyuzi ziweze kuteleza zinapokunjwa. Miaka inavyopita, sehemu ya mafuta hayo hupotea au hubadilika kuwa kitu kingine, nyuzinyuzi hushikana, na nyingine hukatika kabisa. Mafuta unayoyapaka kwa kidole leo hayawezi kuurudia mchakato ule. Yanajaza uwazi ulio karibu na uso, yanalainisha kwa muda, na kukatika kwa nyuzi kunabaki palepale.

Mafuta ya nazi yana matatizo yake ya ziada. Huganda chini ya nyuzi joto 24 hivi. Barazani Temeke utayaona ni maji, lakini ofisini penye kiyoyozi yataganda ndani ya ngozi na kutoka juu kama utando mweupe, nawe utadhani ukungu umerudi. Hubaki na unato unaovuta vumbi, kama ulivyokwisha kuona. Husambaa hadi kwenye mishono na kulegeza gundi ya zamani, huupa ukungu chakula, na mbaya zaidi kwa mipango yako, huzuia gundi mpya na rangi kushika. Mafuta ya alizeti na ya kupikia kwa jumla huchachuka na kunata. Hata mafuta ya kwato za ng'ombe, ambayo mafundi wa ngozi wameyatumia kwa vizazi vingi, huitia ngozi wazi giza. Wahifadhi wa makumbusho wengi wameacha kabisa kupaka mafuta vitu vya kale vya ngozi. Mimi siendi mbali kiasi hicho kwa mkoba utakaokunjwa na kufunguliwa kila siku, lakini nakubaliana nao kwamba madhara mengi yametokana na kuzidisha.

Kwa sehemu uliyokwisha kupaka, nyunyiza poda ya talki au wanga wa mahindi, uiache usiku kucha, kisha uipanguse kwa brashi. Rudia mpaka poda itoke kavu kama ilivyowekwa. Mafuta ya juu yatapungua na mnato utaisha. Weusi utapungua pia, ila sidhani kama utatoka wote, na ningependa ulijue hilo mapema kuliko kukufariji kwa ahadi nisiyoweza kuitimiza. Usijaribu kusawazisha kwa kupaka mkoba mzima uwe mweusi vilevile.

Usafishaji wenyewe ni mwepesi kuliko watu wanavyodhani. Ngozi iliyosindikwa ina asili ya uasidi kidogo, ilhali sabuni ya mche na sabuni ya unga huelemea upande wa pili, na hulegeza vile vifungo ambavyo kiwanda kiliviweka. Jiki haifai hata kuitaja. Tumia shampuu laini ya watoto, matone machache katika bakuli la maji, chukua povu tu kwa sponji iliyokamuliwa, na upite sehemu nzima kutoka mshono hadi mshono ili usiache alama ya maji katikati. Futa kwa kitambaa chenye maji safi, kaushia kivulini ukiwa umeujaza mkoba mashuka ya zamani au karatasi zisizo na maandishi ili urudie umbo lake. Huenda umeona watu wakitumbukiza mikoba mizima katika beseni la maji. Wanaokusanya mikoba ya zamani ya Coach, kampuni ya Marekani, hufanya hivyo, kwa sababu mingi ilitengenezwa kwa ngozi nene bila bitana wala kadibodi ndani. Wako una bitana, na yaelekea una kadibodi chini yake. Ukizama, kadibodi itavimba na gundi itaachia.

Ukishakauka kabisa, na hapo tu, unaweza kupaka krimu ya kutunza ngozi isiyo na rangi, ile ya mfumo wa maji na nta badala ya mafuta matupu, kwa kiasi kidogo mno kwenye kitambaa. Subiri siku moja nzima ndipo uamue kama unahitaji mara ya pili. Kiwi ya viatu iepuke: ina rangi, itahamia kwenye nguo yako ya kazini.

Mshikio ndio unaonipa wasiwasi wa kweli. Jasho la mkono huacha chumvi, mafuta na asidi, na hapo ndipo mkoba hubeba uzito wote. Ukunje taratibu kidogo tu. Nyufa zikiwa kwenye uso wa juu na ndani ngozi ni nzima, fundi anaweza kuzijaza kwa kijazio laini cha akriliki, kusawazisha kwa msasa mwembamba na kuoanisha rangi. Utaonekana vizuri, lakini ujue kwamba huo ni urembo na haujaongeza nguvu hata chembe. Nyufa zikipenya hadi nyuzi za ndani, au ukisikia mshikio unalia unapoukunja, usiubebeshe kitu. Hapo kuna njia mbili. Unaweza kufungua mshono, kuingiza utepe imara wa nailoni uubebe mzigo ndani ya ngozi ile ile ya zamani, na kuushona tena. Kazi hii ni ya gharama na huhitaji mkono mtulivu, lakini mshikio wa mama unabaki. Au utengeneze mshikio mpya wa ngozi inayokaribia rangi hiyo, ambayo hupatikana katika maduka ya vifaa vya viatu Kariakoo, na wa zamani uuhifadhi. Kwa mkoba wa kwenda nao kazini kila siku, ndani ya mwendokasi na daladala, mimi ningechagua mpya. Utepe wa ndani hauzuii ngozi kuukuu ya nje kuendelea kupasuka mkononi.

Ushonaji wowote ufuate matundu ya zamani. Tundu jipya kwenye ngozi halizibi, na safu mbili za matundu yanayokaribiana huigeuza ngozi kuwa kama ukingo wa stempu, rahisi kuchanika. Mwombe fundi ashone kwa mkono, uzi mmoja wenye sindano mbili zinazopishana katika kila tundu, uzi wa poliesta uliopakwa nta. Mshono huo ukikatika mahali pamoja hauachii wote, tofauti na wa cherehani.

Ule uchafu wa kijani hutokana na asidi za mafuta ya ngozi kuila shaba iliyomo kwenye vyuma vya mkoba, na umejaa nta, ndiyo maana maji hayautoi. Ukwangue kwa kijiti cha mti kikavu, halafu kitambaa. Dawa za kung'arishia shaba zina chembe za kukwaruza na kemikali zitakazoacha doa jeupe au jeusi ngozini, na pia huondoa dhahabu nyembamba ya juu kama vyuma vyako vimepakwa. Jaribu kwa sumaku: ikishika, ndani kuna chuma cha kawaida chini ya mng'ao, na kukisugua kutakifikisha haraka kwenye kutu. Zipu ngumu ipakwe nta ya mshumaa kwenye meno.

Sasa rangi ya fundi wako. Sina sababu ya kumdhania vibaya. Wateja wengi humwomba hivyo, naye anajua kuwaridhisha. Rangi inayong'aa ya aina hiyo ni utando unaokaa juu. Ngozi yako inaponyonya na kupanuka kwa unyevu wa pwani, utando hauinami kama yenyewe, hivyo hupasuka kwanza kwenye mikunjo, kisha hubanduka, na palipo na mafuta ya nazi utabanduka mapema zaidi. Wasanii wa Tingatinga, tangu Edward Saidi Tingatinga alipoanza kuchora hapa jijini mwaka 1968, wamejulikana kwa rangi za mafuta za kupakia baiskeli, na picha zao za mwanzo zilichorwa kwenye ubao mgumu usiokunjika. Rangi hizo hizo ukizipeleka kwenye mfuniko wa mkoba zitapasuka. Kuna rangi za akriliki zilizotengenezwa kwa ngozi, zinazonyumbuka, lakini nazo hudai uso usuguliwe na kuoshwa kwa asetoni ili zishike, na kuanzia hapo huna tena ngozi ya 1970 ya kurudi kwayo. Ingekuwa mkoba wa mtumba ulionunua wiki iliyopita, ulioparara hadi hautamaniki, ningekuambia paka tu ujifurahishe. Huu wa mama, palipochujuka oanisha kwa rangi ya kahawia inayopenya, kidogo kidogo, kwenye kona na kingo peke yake. Mistari, mikwaruzo ya kucha na sehemu zilizolainishwa na kiganja chake ziache.

Kwa bitana ninakuunga mkono moja kwa moja. Ile ya zamani inanata yaelekea kwa sababu ilipakwa plastiki ya aina ya poliyurethani, na unyevu wa hewa huvunja minyororo ya plastiki hiyo polepole hadi inageuka ulimbo au unga. Ndicho kinachofanya mikoba ya ngozi bandia ya mitumba ibanduke hata ikiwa haijatumika. Hakuna dawa ya kuirudisha. Poda huficha mnato kwa wiki chache tu. Fundi afumue mshono wa mdomoni pekee, aitoe bitana nzima na kuitumia kama kielelezo cha kukatia mpya. Kabla ya kuipiga picha na kuitupa, angalia mifuko yake vizuri, kwa kuwa risiti na tiketi za zamani hupenda kujificha chini ya bitana iliyochanika. Kitenge kifue mara mbili kwanza: wanga wa dukani hulisha ukungu, rangi ya ziada huchuja, na kitambaa kisichofuliwa hurudi ndani baadaye na kuvuta mishono. Kama unazo kanga za mama, ningekushauri uzifikirie. Kanga ni nyepesi kuliko kitenge, kwa hiyo iwekewe kitambaa kigumu cha pamba nyuma yake, na fundi akikata kwa uangalifu anaweza kulipanga jina la kanga lisomeke pale mkoba unapofunguliwa. Gundi itumike kwa uchache kwenye kingo, isienezwe kwenye ngozi yote, ili siku nyingine bitana hiyo nayo iweze kutolewa.

Herufi usizichape mbele ya mkoba. Kuchapa kwa moto kunahitaji ngozi iliyolala bapa juu ya kitu kigumu na joto linalodhibitiwa, na mkoba uliokwisha kushonwa una mishono, bitana na mikunjo chini yake. Herufi moja ikizama kuliko nyingine hakuna namna ya kuinua. Ngozi kuukuu inaweza pia kuungua kwa joto ambalo mpya ingelivumilia. Tengeneza kibao kidogo cha ngozi mpya ya tanini, ukiloweshe kidogo, upige herufi kwa mihuri ya chuma na nyundo, kikauke, kisha kining'inie kwenye pete ya mshikio. Ngozi hiyo itaanza ikiwa ya rangi ya ngano na kukolea mwaka baada ya mwaka kuelekea kahawia ya mkoba wenyewe. Wachongaji wa vikombe vya michezo na vibao vya majina wanaweza pia kukuandikia herufi hizo kwenye kipande chembamba cha shaba, ukakishona juu ya bitana kwa ndani. Ukipenda ushanga, ushonwe kwenye mkanda wa begani unaovuliwa, kamwe usitobolewe mwilini mwa mkoba.

Doa la wino liache. Wino wa kalamu wa miaka mingi umeshakuwa sehemu ya nyuzi. Spiriti na dawa ya kutolea rangi ya kucha vitauyeyusha na kuutandaza uwe doa kubwa mara tatu.

Mpelekee mtu aliyebobea, badala ya kuendelea mwenyewe, ukiona ngozi inatoa unga mwekundu mikononi. Hiyo ni dalili ya ngozi ya tanini iliyoliwa na asidi kutoka hewani, hairudi nyuma, na maji yoyote huifanya nyeusi na ngumu. Inahitaji kuimarishwa kwa dawa maalumu na haitafaa tena kubeba mzigo. Vivyo hivyo ukungu ukirudi ndani ya majuma machache baada ya kusafishwa, au ukigundua kwamba kadibodi ya chini imeoza. Katika kumchagua fundi, wa viatu mara nyingi hushona ngozi vizuri kuliko anayejitangaza kwa rangi. Muulize ataanza na nini. Akianza na rangi, mshukuru na uondoke. Muombe akuonyeshe kazi ya kushona aliyoifanya kwenye matundu ya zamani, ajaribu kila dawa chini ya mfuniko mbele yako, na akurudishie kila kipande atakachokitoa, pamoja na vyuma. Wapo pia waliosoma teknolojia ya ngozi katika kampasi ya Mwanza ya Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam. Ukimpata mmoja wao, tumia nafasi hiyo kuthibitisha kama ngozi yako ni ya tanini au ya kromi kabla hujanunua krimu yoyote.

Ukishakuwa tayari, usiurudishe kwenye nailoni. Uweke ndani ya foronya ya pamba, kwenye rafu isiyogusa ukuta wa nje, pamoja na vile vipakiti vya kufyonza unyevu vinavyokuja na viatu vipya, uvibadilishe kila masika yanapokaribia, na uutoe mara moja kwa wiki upate hewa hata kama huendi nao popote.